Usingizi wa saa nne na nusu: kisa cha kijana wa Obunga

Barua ya shule ilikuwa na mistari minne. Mvulana wa Gredi ya 9, umri miaka 15, anachelewa kufika. Analala darasani. Jumanne na Alhamisi hutoweka baada ya chakula cha mchana. Wiki iliyopita alimpiga mwenzake ngumi kwa sababu ya kalamu. Chini yake mwalimu aliongeza kwa mkono: "Mzazi achunguze kama anatumia kitu." Mama alipoitwa alikuwa na neno moja tu la kusema: "Mwalimu, huyu mtoto amenishinda."

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika mitaa ya Kisumu kama Obunga, Manyatta, Nyalenda na Bandani, na hesabu zake ni za nyumba moja ya kubuni inayofanana na nyingi. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa ushauri, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa mtaa, maana hao ndio hupokea barua za namna hii kabla ofisi yoyote haijapata habari.

Neno "tabia" lilitajwa na kila mtu. Hakuna aliyeuliza kijana analala wapi.

Chumba kisichopumzika

Chumba ni futi 10 kwa 12, kuta na paa ni mabati, kodi shilingi 2,500. Choo cha shimo ni kimoja kwa vyumba tisa. Wakazi ni wanane. Baba ni bawabu wa usiku. Mama hukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa, biashara ambayo Obunga inajulikana nayo. Kuna mvulana mwenyewe, dada yake wa miaka 12, mdogo wao wa kiume wa miaka 8 na kitindamimba wa miaka 2. Nyanya, miaka 71, aliletwa kutoka Siaya kwa sababu ya presha. Wa nane ni binti wa shangazi, miaka 17, anayemshika mtoto mama akiwa kazini.

UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, huhesabu kuwa watu wamesongamana wakizidi watatu katika chumba kimoja. Hapa nafasi yote ni mita za mraba 11 na kidogo, chini ya mita moja na nusu kwa mtu, na bado hujatoa kitanda cha futi 4 kwa 6, kochi la watu watatu, meza, mitungi ya maji na jiko. Ila idadi yenyewe haielezi kila kitu. Baba hurudi saa moja asubuhi na hulala hadi saa nane mchana, kwa hiyo Jumamosi hakuna wa kukaa ndani na daftari wala kuwasha redio. Usiku wanaingia wengine. Chumba kinatumika saa zote ishirini na nne.

Mvulana halali humo. Kwa desturi ya Kiluo kijana wa kiume akikua huondoka katika nyumba ya wazazi na kulala kwenye simba yake, yaani kijumba chake mwenyewe, ndani ya boma la baba. Kijijini simba iko hatua chache kutoka kwa mama, na baba akikohoa usiku kijana anasikia. Mjini hakuna boma. Alipotimiza miaka 13, simba yake ikawa kona ya sakafu katika chumba cha vijana watatu wa bodaboda, ploti ya tatu kutoka kwao. Ukiwauliza wazazi watakwambia "analala kwa mabeste wake", kwa sauti ya mtu anayesema mtoto ameenda dukani. Fomu nyingi za kuandikisha familia zina nafasi ya idadi ya vyumba na idadi ya watu. Nafasi ya nani analala wapi haimo, kwa hiyo iulizwe kwa mdomo, jina kwa jina.

Karatasi ya masaa

Chombo cha kwanza cha aliyefuatilia barua hii kilikuwa karatasi yenye visanduku 24, kimoja kwa kila saa. Inajazwa na kijana mwenyewe, mama asiwepo, na inachukua kama dakika 25. Anza na saa aliyopata usingizi, usianze na saa aliyoamka. Uliza "jana", usiulize "kwa kawaida", kwa sababu "kwa kawaida" huleta majibu ya kumfurahisha mgeni. Jaza siku moja ya shule na Jumamosi moja.

Jumatatu yake ilisomeka hivi. Kuamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Kurudi nyumbani kuchukua yunifomu, kisha safari nne za mtungi wa lita 20 kwenye kioski cha maji kabla foleni haijawa ndefu. Kuondoka saa kumi na mbili na nusu, shuleni saa moja. Kutoka saa tisa na dakika arobaini. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku yuko kando ya karai la mama, anakoleza moto na kufunga samaki kwenye gazeti. Chakula saa tatu na robo. Saa nne anaenda kwa vijana wa bodaboda, ambako muziki hauzimwi kabla ya saa sita. Usingizi: saa sita na robo.

Hapo ni saa nne na nusu za kulala. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji saa 8 hadi 10, na katika umri huo mwili wenyewe hukawia kusikia usingizi usiku, kwa hiyo kumwambia "lala mapema" mahali penye spika ni maneno ya bure. Anayelala kiasi hicho wiki baada ya wiki atasinzia darasani, atasahau alichofundishwa, na atakuwa mwepesi wa hasira. Ngumi ya kalamu ilirushwa saa tatu asubuhi, siku ya nne ya wiki.

Macho mekundu yaliyomtia mwalimu wasiwasi yana maelezo mawili ya karibu: kutolala, na saa mbili za moshi wa kukaangia kila jioni. Hata hivyo swali la mihadarati halikuachwa, kwa sababu mtaa una chang'aa na chumba anacholala kina bangi. Liliulizwa mwishoni, baada ya masaa kujazwa, na kwa namna ya kuanzia kwa wengine: "Wenzako pale chumbani hutumia nini? Wewe wakikupa huwa inakuwaje?" Alisema amevuta mara mbili. Mwalimu hakukosea kuuliza, alikosea kulifanya swali la kwanza.

Shilingi 1,200

Alipoombwa kujaza pia Jumanne na Alhamisi, visanduku vilibaki vitupu kuanzia saa saba mchana. Kijana alikataa kuvijaza. Jibu lilipatikana kwenye bajeti, iliyoandikwa na mama siku nyingine.

Mshahara wa baba baada ya makato ni 10,500. Mama hubaki na faida ya kama 300 kwa siku, siku 24, yaani 7,200. Jumla 17,700. Matumizi: kodi 2,500, stima inayolipwa kwa mwenye ploti 300, maji mitungi minane kwa siku kwa shilingi 5 ni 1,200, chakula 320 kwa siku ni 9,600, makaa 1,500, dawa za nyanya 600, chama 400, madeni ya duka 1,500, sabuni na pedi 700, mahitaji ya shule 600. Jumla 18,900. Pengo ni 1,200 kila mwezi.

Nyumba yenye pengo la 1,200 kila mwezi kwa mwaka mzima ingekuwa imefungiwa mlango na mwenye ploti. Haijafungiwa. Basi kuna fedha inaingia ambayo haijaandikwa. Mama alipoonyeshwa hesabu alinyamaza kidogo, akasema: "Kijana hunisaidia." Jumanne na Alhamisi hushusha magunia ya kabichi na vitunguu soko la Kibuye, 150 kwa siku, siku nane kwa mwezi. Zidisha.

Hapa ndipo visa vya namna hii huharibiwa na watu wema. Wakigundua kazi, huipiga marufuku siku hiyo hiyo. Sheria iko upande wao: Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na isiyomzuia kuhudhuria shule, na gunia mgongoni saa za masomo si hiyo. Lakini ukiiondoa 1,200 bila kuweka kitu mahali pake, mwezi wa pili kijana atakuwa amehamia kazi ya usiku, ambayo shule haitaiona kabisa.

Pengo lilizibwa kwa vipande. Familia iliandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, kwa *147#, bila malipo, ili nyanya ahudumiwe katika zahanati ya karibu badala ya duka la dawa. Dawa hukosekana mara kwa mara, kwa hiyo ilihesabiwa akiba ya 250 tu badala ya 600 nzima. Mama alianza kuinjika githeri ya nyumbani kwenye makaa yanayobaki baada ya kukaanga: 20 kwa siku, 480 kwa mwezi. Tarehe ya kodi ilikuwa tano na mshahara wa baba huingia tarehe nane, basi kila mwezi siku tatu hizo zilizibwa kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, na mkopo wa duka. Mwenye ploti alikubali tarehe kumi baada ya baba kwenda mwenyewe kumwomba (mama alikuwa ameomba mara mbili, akapuuzwa). Hapo ziliokolewa kama 200. Zilizobaki zilitoka kwa kazi ya Jumamosi, muda wa saa nne kwa fundi wa baiskeli, shilingi 100, mara nne kwa mwezi. Jumla 1,330.

Inua Jamii, posho ya serikali, haikuingizwa kwenye hesabu. Nyanya amepita miaka 70 na anastahili kuombewa zile 2,000 za wazee kwa mwezi, lakini uandikishaji haufunguliwi kila siku, na naibu wa chifu lazima athibitishe kwamba mzee anaishi hapo kweli. Jina lilipelekwa. Mpango uliotegemea fedha hiyo ungekuwa mpango wa mwaka ujao.

Shule nayo ilikuwa na deni lake: 900 za chakula cha mchana, ambazo kijana alikuwa amerudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haikubali mtoto wa shule ya umma akataliwe kuhudhuria kwa kutolipa tozo za namna hiyo. Ilitajwa kwa naibu mwalimu mkuu kwa upole, pamoja na ahadi ya 130 kila mwezi, ile ziada ya bajeti. Itachukua karibu miezi saba. Alikubali, na hilo lilikuwa la maana kuliko kumshinda kwa kifungu cha sheria.

Kitanda

Kumrudisha kijana nyumbani kulikuwa kugumu kuliko fedha. Baba alikataa katakata, akitaja chira, balaa ambalo Waluo huamini humpata anayevunja mwiko. Mgeni akijibu hoja hiyo kwa mihadhara amekwisha. Aliyeijibu ni nyanya. Alimkumbusha mwanawe kwamba katazo linahusu usiku ambao baba na mama wako pamoja nyumbani, na yeye analinda geti usiku sita kwa wiki. Ule usiku wa saba kijana angelala kwa mjomba wake Manyatta. Baba alikaa kimya, kisha akauliza kitanda kitawekwa upande gani, na mkutano ukawa umekwisha.

Kochi likaondoka. Hili si dogo: kochi lenye vitambaa ndilo heshima ya nyumba, na mama alilia. Fundi wa Kibuye alichukua fremu kwa 2,000. Mito mitatu ya kochi, kila mmoja futi 2 kwa 2, ilishonewa kifuko kimoja ikawa godoro la futi 6 kwa 2 la mtoto wa miaka 8. Dabo deka ya chuma, futi 6 kwa 2 na nusu, iligharimu 6,500: fremu ya kochi 2,000, zamu ya mama ya chama 2,000, mjomba 1,500, na baba 1,000 mshahara ulipoingia.

Vipimo vilijadiliwa na fundi kabla hajachomelea. Ukuta wa upande wa chini una futi 7 tu. Kitanda cha juu kikiwa futi 4 na nusu kutoka sakafuni, aliyelala ana futi 2 na nusu hadi kwenye bati, na bati la Kisumu likikaa juani mchana kutwa bado ni moto saa tatu usiku. Kwa hiyo kitanda kiliegemezwa ukuta wa upande ulioinuka, ghorofa ikashushwa hadi futi 4, na pengo la vidole vinne kati ya ukuta na paa, lililokuwa limezibwa kwa magunia, likafunguliwa na kuwekewa wavu. Hewa hiyo ni muhimu kwa kifua pia, maana kifua kikuu hupenda chumba kama hiki. Jiko la makaa lilipata sheria moja: halilali ndani, hata siku ya mvua. Neti mbili za pembe nne, ya chini ikifungwa kwenye vyuma vya kitanda cha juu na ya juu kwenye mbao za paa. Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima.

Pazia la shuka mbili lilikata chumba futi 4 kutoka mlangoni. Nje ya pazia ni dabo deka, mvulana juu na mdogo wake chini. Ndani, nyanya, mama na kitindamimba kitandani, wasichana wawili kwenye godoro la sakafuni. Wasichana hubadilisha nguo ndani ya pazia, wavulana wakiwa nje ya mlango hadi waitwe. Usiku wa mapumziko ya baba, nyanya huhamia kitanda cha chini, mtoto wa miaka 8 hupanda juu, kijana huenda Manyatta.

Ratiba ikageuka pia. Maji sasa huchotwa jioni, mitungi minne kwa toroli la jirani, na wasichana wawili. Kijana hukaa shuleni na vitabu hadi saa kumi na moja, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa sababu KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, iko mwisho wa mwaka na nyumbani hakuna meza. Kwenye karai hukaa dakika 45 badala ya saa mbili. Taa huzimwa saa nne kasorobo, huamka saa kumi na moja na nusu. Ni saa saba na dakika 45, bado chini ya nane.

Kilichoharibika

Godoro la juu lilinunuliwa mtumba kwa 900. Lilikuja na kunguni. Usiku wa tatu kijana alirudi kwa vijana wa bodaboda na akakaa siku nne, na baba aliyekuwa amekubali akaanza kuuliza kama chira haijaanza. Kulianika juani hakukutosha, kwani kunguni hujificha kwenye mishono na kusubiri. Godoro lilitupwa, maji ya moto yakamwagwa kwenye viungo vyote vya chuma mara tatu kwa siku saba, nguo zikachemshwa, na godoro jipya la inchi 4 likachukuliwa dukani kwa lipa mdogo mdogo, 1,900. Ile 900 ya mwanzo ndiyo ilikuwa ghali. Uzuri wa fremu ya chuma ulionekana hapo, maana ya mbao ingekuwa na nyufa za kuwaficha miaka.

Wiki ya sita baba alimpiga kwa mshipi kwa kuchelewa kutoka kwa fundi wa baiskeli. Kijana alilala Manyatta usiku tatu. Mjomba ndiye aliyerudi naye na kuzungumza na baba nje ya ploti, wanaume wawili wamesimama. Ilielezwa kwa baba wazi kwamba kipigo kingine kingepelekwa kwa afisa wa watoto, na kijana akapewa namba 116, ya msaada kwa watoto, ambayo kupiga ni bure. Hakukuwa na kipigo kingine kilichoripotiwa hadi wiki ya kumi na mbili.

Katika wiki nne za kwanza alichelewa siku 11 kati ya 20 na kukosa mchana mara 8. Katika wiki nne za mwisho alichelewa siku 3, akakosa mchana mmoja, siku ambayo lori la vitunguu lilifika na deni la duka lilikuwa limeiva. Mama ndiye aliyemtuma, na ndiye aliyekuja kusema.

Binti wa miaka 17

Kosa kubwa la kisa hiki halimhusu mvulana. Ziara mbili za kwanza zilipita na hakuna aliyemuuliza chochote binti wa shangazi, aliyekuwa ameketi hapo hapo na mtoto mgongoni. Barua ya shule haikumtaja kwa sababu hana shule. Ratiba mpya ilimpunguzia kijana mitungi na kumwongezea yeye, na hilo lilionekana tu alipojaziwa karatasi yake ya masaa katika wiki ya tano. Huamka saa kumi na nusu. Hana kisanduku hata kimoja kilichoandikwa "yangu".

Aliulizwa pia kuhusu choo. Usiku haendi, hutumia ndoo, kwa sababu ya wanaume wanaokaa kwenye kichochoro cha chang'aa. Pedi zinazotoka kwenye ile 700 ya sabuni na pedi hugawanywa kwa wanawake watatu, yeye akiwa wa mwisho. Chuo cha ufundi cha kaunti anakitaka, ushonaji, na kwa kujiandikisha huulizwa cheti cha kuzaliwa, ambacho kiko kwa mama yake Siaya kama hakikuliwa na mchwa. Mitungi imegawanywa upya: miwili ya kijana, mmoja wa baba akirudi asubuhi, mmoja wa binti. Nyanya atasafiri Siaya Desemba na atakitafuta hicho cheti. Faili lake limefunguliwa peke yake, halijaunganishwa na la mvulana.